Mwalimu Anajibu: Hawa Waligawanywa na Nani?

Muhula unaisha, na barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanaoandika tasnifu au wanaofundisha wenye kuandika. Nimechagua nne. Moja haihusu tasnifu kabisa, ni ya mama mwenye mtoto wa miaka minne, lakini nimeiweka humu kwa sababu swali lake na la mwanafunzi wa Dodoma ni swali moja.

Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa tatu, nasoma saikolojia. Niligawa dodoso kwa wanafunzi 140 wa sekondari, nikapima saa wanazokaa kwenye mitandao ya kijamii na kiwango chao cha wasiwasi. Uwiano, yaani namba ya kati ya -1 na 1 inayoonyesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja, umetoka r = 0.31. Niliandika kwamba mitandao inasababisha wasiwasi, msimamizi wangu akaikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu, pembeni akaandika "uwiano si sababu". Nimevunjika moyo. Kama uwiano hauthibitishi kitu, mwaka mzima nimehangaikia nini?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Hukuhangaika bure, na msimamizi wako hajakuonea. Katika miaka yangu 26 ya kufundisha mbinu za utafiti hakuna sentensi niliyoikata mara nyingi kama hiyo yako, na kila nikiikata huandika pembeni swali moja: hawa waligawanywa na nani?

Tazama ulichonacho. Wapo wanafunzi wanaoshinda mtandaoni saa tano, wapo wanaogusa simu nusu saa. Nani aliyewaweka hawa kwenye saa tano na wale kwenye nusu saa? Si wewe. Wamejipeleka wenyewe, au maisha yao yamewapeleka. Na kilichowapeleka huko huenda ndicho hichohicho kilichowatia wasiwasi. Mtoto ambaye nyumbani kwao kila usiku kuna ugomvi hujifungia chumbani na simu. Ugomvi umempa simu, ugomvi umempa wasiwasi, wewe ukaviona vyote viwili vinaongozana ukadhani kimoja kimemzaa mwenzake. Au ligeuze: mwenye wasiwasi hapati usingizi, na asiyelala hufungua simu. Hapo wasiwasi ndio mzazi. Au kweli mitandao inamtia wasiwasi, kama ulivyoandika. Namba yako, 0.31, ni ileile katika hali zote tatu. Haina uwezo wa kukuchagulia.

Nitakusimulia kisa cha kweli, maana hili halikai akilini kwa kukariri.

Paul Glewwe, Michael Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz walifanya utafiti katika shule za msingi za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Walitaka kujua kama chati za kufundishia zinawasaidia watoto. Nazungumzia zile chati kubwa zenye michoro, zinazosimamishwa mbele ya darasa, mwalimu anageuza ukurasa mmoja baada ya mwingine. Kwanza walifanya kama ulivyofanya wewe: walichukua takwimu za shule zilivyo, wakalinganisha zenye chati na zisizo nazo. Shule zenye chati zilikuwa na alama za juu, na tofauti haikuwa ndogo: ilifika sehemu ya tano ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Wakajitahidi kuondoa athari za vifaa vingine vya shule kwa hesabu, tofauti ikabaki palepale. Mtu wa haraka angeishia hapo, angeandika ripoti, na wizara ingenunua chati nchi nzima.

Wao hawakuishia hapo. Walichukua shule 178, nusu yake zikachaguliwa kwa bahati nasibu kupewa chati za sayansi, hisabati, jiografia na afya. Nusu nyingine hazikupewa. Kisha wakasubiri mitihani. Alama za shule zilizopewa chati hazikupanda kuliko za wenzao. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2004.

Kati ya hesabu ya kwanza na ya pili, watoto walikuwa walewale wa magharibi mwa Kenya na chati ni chati. Kilichobadilika ni mgawaji. Mara ya kwanza chati ziligawanywa na maisha: shule yenye mwalimu mkuu mchakarikaji, yenye wazazi wanaochanga, ndiyo iliyojinunulia chati, na shule ya namna hiyo ingefaulisha hata bila chati. Mara ya pili ziligawanywa na kura, na kura haimjui mwalimu mkuu mchakarikaji. Inamtupa huku na kule sawasawa.

Niliposoma matokeo hayo mara ya kwanza yaliniuma. Chati nimezichora kwa mkono wangu, usiku, kwa kalamu za rangi zilizokaribia kukauka, nikiamini kila mstari. Bado nazipenda. Lakini kuzipenda kwangu si ushahidi, na tangu siku hiyo nimekifundisha kisa hiki kila mwaka.

Utasema hiyo ni elimu, wewe uko kwenye saikolojia. Basi twende Rarieda, Kenya, upande wa Ziwa Victoria. Kwamba umaskini na huzuni vinaongozana ni jambo linalojulikana siku nyingi. Lakini umaskini ndio unaoleta huzuni, au mwenye huzuni hushindwa kufanya kazi akawa maskini? Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya za Rarieda ambazo shirika la GiveDirectly lilizichagua kwa kura na kuzitumia fedha kwa M-Pesa bila masharti yoyote. Wakawauliza watu kuhusu furaha, msongo na kuridhika na maisha, wakachukua hata mate yao wapime homoni ya msongo iitwayo kotisoli. Ripoti yao ya mwaka 2016 inasema waliopata fedha walikuwa na furaha zaidi na msongo mdogo kuliko ambao kura haikuwaangukia. Kotisoli, kwa wastani, haikusogea. Napenda walivyoiandika hiyo sehemu ya pili waziwazi, hawakuificha.

Sasa wewe huwezi kupiga kura ukawaambia watoto 70 wakae mtandaoni saa tano kwa mwaka. Hata kamati ya maadili isingekuruhusu. Ndivyo ilivyokuwa kwa sigara: hakuna aliyeweza kuwalazimisha watu wavute ili aone nani atapata saratani ya mapafu. Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza na uwiano tu, kwa wagonjwa wa hospitali za London, wakachapisha mwaka 1950. Ronald Fisher, aliyekuwa bingwa wa takwimu kuliko wote wakati huo, akawapinga kwa hoja unayoijua sasa: labda kuna kitu cha tatu, labda mtu huzaliwa na mwili unaopenda sigara na huohuo ukapata saratani. Hoja ilikuwa halali. Jibu halikupatikana kwa kubishana, lilipatikana kwa kukusanya ushahidi wa namna nyingi. Doll na Hill waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka, wakaona kadiri mtu anavyovuta nyingi ndivyo hatari inavyopanda, na anayeacha hatari yake inashuka. Kitu cha tatu cha Fisher hakikuweza kueleza yote hayo, na Fisher alikuwa amekosea.

Kwa hiyo uwiano una kazi yake. Ni moshi. Unakuambia mahali pa kwenda kutazama.

Fanya hivi. Andika: "Wanafunzi waliotumia saa nyingi zaidi mtandaoni walielekea kuwa na wasiwasi zaidi, kwa kiwango cha wastani." Hiyo ni kweli na ni yako. Kisha eleza njia zote tatu nilizokutajia, usizifiche kwenye aya ya mwisho ya mapungufu ambayo hakuna anayeisoma. Halafu, ukipata nafasi, rudi kwa wanafunzi haohao muhula ujao. Ukiona saa za mtandaoni za leo zinatabiri wasiwasi wa kesho kuliko wasiwasi wa leo unavyotabiri saa za kesho, utakuwa umesogea hatua moja. Moja tu, lakini ni ya kweli.

Mwalimu, nafundisha hisabati na mwaka huu nimepewa pia darasa la takwimu chuoni. Wanafunzi wangu wanabofya kompyuta inawapa r, lakini nikiwauliza ni nini wananyamaza. Wengi wanaamini r ya 0.6 ni "asilimia 60". Na ikitoka hasi wanasikitika wanadhani utafiti umefeli. Niwaelezeje?
*Mwalimu mwenzako, Kilifi*

Mwalimu mwenzangu, zima kompyuta siku moja. Wape kalamu na karatasi ya grafu. Mimi hutumia wanafunzi watano wa kubuni. Jumamosi walishika simu saa 1, 2, 3, 4 na 5. Jumatatu wakafanya jaribio la alama 15, wakapata 8, 9, 6, 5 na 2.

Wastani wa saa ni 3, wastani wa alama ni 6. Kila mmoja aonyeshe amesimama wapi kutoka kwenye wastani. Kwa saa: -2, -1, 0, 1, 2. Kwa alama: 2, 3, 0, -1, -4. Hapa waache watazame kabla ya kuzidisha, maana ndipo siri ilipo: aliye chini ya wastani wa simu yuko juu ya wastani wa alama, aliye juu huku yuko chini kule. Kisha wazidishe kila jozi: -4, -3, 0, -1, -8. Jumla ni -16. Hiyo hasi ndiyo inayosema wanakwenda kinyume. Haisemi utafiti umefeli, inasema kimoja kikipanda kingine kinashuka, na uwiano wa -0.9 una nguvu sawa na wa 0.9.

Kilichobaki ni kuipima hiyo -16 ili ikae kati ya -1 na 1. Mraba za saa zinajumlika kuwa 10, za alama 30. Zidisha upate 300, tafuta kipeuo cha pili, 17.3. Gawa -16 kwa 17.3. Jibu ni -0.92.

Sasa mlete mwanafunzi wa sita. Huyu alishika simu saa 9, lakini alikuwa anapitia mitihani iliyopita kwenye simu ya baba yake, akapata alama 12. Waambie warudie hesabu yote. Wastani unahamia 4 na 7, jumla ya mazao inakuwa 14, mraba ni 40 na 60, na r inatoka chanya: 0.29. Mtu mmoja ameugeuza uwiano kutoka karibu hasi kamili kuwa chanya. Nimeiona darasa zima likinyamaza hapo, kimya tofauti na kile unacholalamikia wewe.

Ndiyo maana mchoro wa mtawanyiko, ule wa nukta moja kwa kila mtu kwenye grafu, uje kwanza, namba baadaye. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitengeneza makundi manne ya takwimu, kila moja lina jozi 11, yote yana wastani uleule na r ileile ya 0.82. Ukiyachora, la kwanza ni nukta zilizotawanyika kuzunguka mstari, la pili ni upinde, la tatu ni mstari mnyoofu wenye nukta moja iliyopotea, la nne nukta zote zimesimama wima isipokuwa moja ya mbali inayobeba uwiano wote peke yake. Wachoreshe yote manne kwa mkono. Itachukua kipindi kizima na hutajuta.

Kuhusu asilimia 60: mwambie aizidishe r yenyewe kwa yenyewe. 0.6 mara 0.6 ni 0.36. Maana yake asilimia 36 ya tofauti za alama zinaweza kuelezwa kwa kujua kile kitu cha pili, na asilimia 64 zinatoka kwingine. Kwa yule mwanangu wa Dodoma, 0.31 inakuwa chini ya asilimia 10. Si aibu, mambo ya binadamu yana sababu nyingi, ila inakufundisha upole wa kuandika.

Na r ya sifuri haina maana kwamba hakuna uhusiano. Ina maana hakuna uhusiano wa mstari ulionyooka. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua njia kwa kuwapiga umeme kidogo wakikosea. Kazi ilipokuwa ngumu, umeme hafifu mno uliwachelewesha na mkali mno uliwachelewesha pia, wa katikati ndio uliowafundisha upesi. Mkondo wa namna hiyo unapanda kisha unashuka, na r huweza kuupita bila kuuona.

Ukipata muda, waeleze pia namba hii ilikotoka. Mwaka 1884 Francis Galton alifungua maabara kwenye maonyesho ya afya huko South Kensington, London. Watu walilipa peni tatu wapimwe urefu, nguvu za mkono, uwezo wa kuona. Kutokana na vipimo vya namna hiyo, Desemba 1888 alipeleka makala yake ya uwiano kwenye Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, na mwaka 1896 Karl Pearson akaipa hesabu sura tunayoitumia leo. Wote wawili waliamini wanadamu wanaweza kupangwa madaraja kwa uzao na kwamba baadhi yao wasiachwe wazaliane. Mimi silifichi hilo darasani. Anayeshika kipimo ajue kilishikwa na nani kabla yake, na kwa nia gani, kwa sababu sisi Waafrika tulikuwa kwenye daraja za chini za orodha zao.

Mwalimu, nina kijana wa miaka minne. Nimeona video inasema wanasayansi walimpima mtoto kwa peremende, akiweza kusubiri dakika 15 bila kuila atafanikiwa maishani, akishindwa basi. Nilimjaribu mwanangu kwa andazi, nikamwambia akisubiri nitamwongezea la pili. Kabla sijafika mlangoni lilikuwa limeisha. Usiku sikulala. Nifanyeje?
*Mama, Mwanza*

Mama mwenzangu, lala. Mwanao yuko salama, na aliyetengeneza video hiyo amekusimulia nusu ya habari.

Nusu yenyewe ni ya kweli. Walter Mischel alifanya majaribio hayo kwenye shule ya chekechea ya Bing, Chuo Kikuu cha Stanford, California, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto huwekewa kitamu mbele yake, akisubiri mtu mzima arudi anapata viwili. Baadaye Mischel na wenzake waliwatafuta walewale wakiwa wamekua, na mwaka 1990 wakatangaza kwamba waliosubiri zaidi walipata alama kubwa zaidi katika mtihani wa kuingia chuo. Uwiano kwa upande wa hisabati ulikuwa 0.57. Mkubwa. Ila ulitokana na watoto 35 tu, tena wengi ni watoto wa watu wa chuo kikuu, na watafiti wenyewe walitahadharisha kuhusu uchache huo. Tahadhari haikuingia kwenye video.

Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walirudia hesabu hiyo kwa watoto wapatao 900 wa familia za kila aina. Uwiano ulikuwepo, lakini karibu nusu ya ule wa awali. Na walipozingatia hali ya nyumbani, elimu ya mama na uwezo wa mtoto akiwa mdogo, theluthi mbili ya huo uliobaki ikayeyuka. Unakumbuka swali nililomwandikia mwanafunzi wa Dodoma? Nani aliyewagawa watoto kuwa wanaosubiri na wasiosubiri? Kwa sehemu kubwa ni nyumba walizotoka.

Sasa sikia hili la Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, la mwaka 2013, kwa sababu humu ndimo utapata raha. Walichukua watoto 28. Kabla ya jaribio la kitamu, kila mtoto alipewa kalamu za rangi zilizochakaa, akaambiwa asubiri aletewe nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akaomba radhi, akasema hakuna. Wakafanyiwa hivyo tena kwa stika. Ndipo kikaja kitamu. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12, na tisa kati ya 14 walifika mwisho. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika tatu, na mmoja tu ndiye aliyefika mwisho. Na hapa mgawaji alikuwa kura, kwa hiyo tunaweza kusema neno ambalo kule Stanford hatuwezi: kuvunjiwa ahadi ndiko kulikosababisha.

Mtoto aliyekula haraka alikuwa amefanya hesabu sahihi. Ameona watu wazima wa hapa hawaleti cha pili.

Na kule Cameroon, Bettina Lamm na wenzake waliwapima watoto wa miaka minne wa kabila la Nso, wakulima, kwa maandazi ya kwao yanayoitwa puff-puff. Asilimia 70 hivi walisubiri mpaka mwisho. Watoto wa Kijerumani waliofanyiwa jaribio hilohilo hawakufika asilimia 30. Watoto wa Nso walikaa kimya, wengine walisinzia mezani. Hapa sitakuambia sababu ni malezi ya aina fulani, kwa kuwa hakuna aliyepiga kura nani azaliwe Nso na nani azaliwe Ujerumani. Lakini nadhani unaona jinsi ilivyo vigumu kumhukumu mtoto wa Mwanza kwa kipimo kilichotungwa California.

Kesho mpe andazi lake ale. Ukimwahidi la pili, mpe.

Assalaam alaykum Mwalimu, na shikamoo. Tuna mradi wa vijana. Tumetafsiri dodoso la msongo kutoka Kiingereza, maswali 20, tukalisambaza kwenye makundi ya WhatsApp na tumepata majibu zaidi ya 600. Je, sampuli inatosha? Nimekuambatanishia dodoso.
*Kijana, Unguja*

Waalaykumu salaam, marahaba. Wingi haukuokoi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni mbili likatabiri Alf Landon atakuwa rais. Franklin Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya kuwatumia yalitoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na walioamua kurudisha majibu walikuwa wenye kinyongo zaidi na Roosevelt. Wako 600 ni vijana wenye simu janja, wenye bando, waliomo kwenye kundi, na waliojisikia kujibu. Kijana aliyelemewa kiasi cha kutojibu meseji za watu humwoni hata ukipata 6,000. Andika ripoti yako juu ya hao uliowapata, usiseme "vijana wa Zanzibar".

Lakini kilichonisumbua zaidi ni dodoso lenyewe.

Zamani, nikiwa msaidizi wa utafiti, nilipelekwa kijiji kimoja cha Rufiji na dodoso la namna hii. Nilikaa mkekani na mzee mmoja, mjane, chini ya mwembe. Nikamsomea: "Nina furaha na maisha yangu. Nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa." Akasema, "Nakubali, mwanangu." Mbele kidogo lilikuwepo: "Maisha yangu hayana furaha." Akasema, "Nakubali." Nikamuuliza, mzee, mbona yote mawili? Akaniangalia kwa huruma. "Umetoka mbali na jua hili. Andika hilo litakalokufaa." Alikuwa ananikirimu. Kwake kumkatalia mgeni ni utovu wa adabu, na majibu yake yangeingia kwenye kompyuta kama hali ya moyo wake.

Nikafunga karatasi nikamuuliza anavyolala. Akasema, "Tangu bibi yako afariki, adhana ya alfajiri inanikuta macho." Hilo lilikuwa jibu. Lilikuja kwa sababu nilimuuliza jambo analolifanya mwilini mwake kila usiku.

Basi katika dodoso lako: swali la 3, "Je, una mawazo?" Kiingereza chake kilikuwa kinauliza kama mtu ana fikra zinazomjia bila kutaka. Kwetu mwenye mawazo ni mtu mwenye shida, kwa hiyo aliyefiwa, anayedaiwa kodi na anayeumwa wote watasema ndiyo, na hutajua umepima nini. Maswali yote 20 yameandikwa upande mmoja, kila "ndiyo" ni msongo, hivyo mkarimu kama mzee wangu ataonekana mgonjwa. Geuza nusu yake. Swali la 14, "Je, unakosa usingizi na hamu ya kula?", ni maswali mawili yamefungwa kwa "na". Anayekesha lakini anakula vizuri atajibu nini? Lipasue.

Ukishamaliza chapa nakala tano, nenda nazo sokoni Darajani asubuhi kabla biashara haijachanganya, uwaombe watu watano wasiokujua. Usiwaulize majibu. Msomee kila mmoja swali, kisha umwambie: kwa maneno yako mwenyewe, nimekuuliza nini? Andika wanavyosema, neno kwa neno, unitumie.